Mjadala: Je, vyuo vikuu vya umma vya Marekani vifungue shule za kairopraktiki?

Mama Zuhura, Minneapolis
Ndugu zangu, naleta swali ambalo limetugawa hapa nyumbani. Binti yetu amefikisha saa 90 za muhula za masomo ya awali ya chuo, ambazo vyuo vya kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, hudai kwa kawaida, na sasa anataka kuanza miaka minne ya shahada yenyewe. Karibu vyuo vyote vya fani hiyo nchini Marekani ni vya binafsi, na deni la masomo humwandama mhitimu kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilianza programu yake mwaka 2025, ilhali Florida walipendekezewa shule kama hiyo katika chuo kikuu cha jimbo, wakaikataa mwaka 2005. Kwa maoni yangu Pittsburgh wametenda haki. Fani inayopewa leseni katika majimbo yote 50 haina sababu ya kufundishwa mbali na maabara na hospitali za umma. Nanyi mwaonaje?

Daktari Mstaafu, Muheza
Mama Zuhura, salaam. Sikubaliani nawe. Fani hii ilianzishwa mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, na D. D. Palmer, aliyedai kwamba alimrudishia usikivu Harvey Lillard, mfagizi wa jengo, kwa kusukuma pingili ya mgongo wake, kisha akafundisha kwamba takriban maradhi yote chanzo chake ni pingili zilizohama. Chuo cha umma kikiipokea, kitaipa heshima ambayo ushahidi haujaipa. Wahadhiri wa Florida walilitambua hilo, na mmoja wao, kwa kejeli, alichora ramani ya chuo chao ikiwa na taasisi ya kumchunguza Bigfoot, lile jitu la hadithi la misituni. Tena tuseme ukweli: wengi wanaokwenda huko ni waliokosa nafasi ya udaktari.

Mwanafunzi, Davenport
Shikamoo mzee. Habari za Palmer tunazisoma sisi wenyewe, na wengi wetu tumeshaachana na nadharia yake. Ila hilo la mwisho limenichoma. Sikuomba nafasi ya udaktari popote. Niliichagua fani hii kwa sababu baba yangu ni dereva wa lori, na nimemwona akishuka kwenye gari huku ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Tunapasua maiti, tunasoma fiziolojia, maradhi na picha za eksirei. Kiwango cha chini cha ithibati ya chuo ni saa 4,200 za mafunzo, na mtihani wa taifa una sehemu nne, ya nne ikiwa ya vitendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 nao unataja saa hizo hizo, 1,000 kati yake zikiwa za kutibu chini ya usimamizi. Mtu aliyeshindwa masomo hawezi kuyamaliza hayo.

Daktari Mstaafu, Muheza
Marahaba mwanangu. Saa nyingi hazinitoshelezi mpaka nijue zimetumika kwa mgonjwa gani. Daktari wa Marekani akishahitimu hukaa hospitalini miaka mitatu au zaidi akisimamiwa. Ninyi mkipata leseni mwaweza kufungua kliniki mara moja, na wagonjwa mliowaona shuleni wengi wao ni watu wanaotembea kwa miguu yao.

Muuguzi, Columbus
Nimekuja kuzungumzia hilo la waliokosa nafasi, kwa kuwa sisi wauguzi tumeambiwa maneno hayo hayo tangu siku ya kwanza darasani. Ndugu wanakuuliza mbele ya wageni, "Kwani udaktari ulikushinda?" Inatosha sasa.

Hata hivyo, hofu ya daktari ninayo pia. Mgonjwa anayelalamikia mgongo, huku anahisi ganzi sehemu ya kukalia na mkojo umegoma, anahitaji upasuaji wa haraka, wala si mikono ya mtu yeyote. Dalili hiyo huandikwa kwenye kitabu, lakini mpaka umeiona wodini ndipo unaizingatia saa tisa alasiri, wakati watu kumi wamepanga foleni.

Daktari Mstaafu, Muheza
Dada, sikuwataja wauguzi. Nimefanya kazi nao maisha yangu yote na nawaheshimu.

Muuguzi, Columbus
Hukututaja, lakini kipimo ulichokitumia ndicho tunachopimiwa: kila asiye daktari huhesabiwa kuwa alitaka kuwa daktari.

Mwanafunzi, Davenport
Asante dada. Na kuhusu wodi, mzee, ni nani aliyefunga mlango? Kwa miaka mingi Chama cha Madaktari cha Marekani kilihesabu kushirikiana nasi kuwa ni kuvunja maadili, na mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba kutususia huko kulivunja sheria. Mmetuzuia kuingia hospitalini, kisha mnatulaumu kwamba hatujui hospitali!

Msomaji, Odense
Hapa Denmark jambo hili limepata njia nyingine tangu miaka ya 1990. Katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark, wanafunzi wa kairopraktiki hukaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari kwa sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo, na baada ya miaka mitano hufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kujitegemea. Sijasikia hapa mtu akiuliza nani alishindwa nini, maana walifanya mitihani pamoja.

Mama Zuhura, Minneapolis
Basi hoja ya mzee inaniunga mkono. Kama kasoro ni wodi, chuo cha umma chenye hospitali ndicho kinachoweza kuitoa. Mwanangu wa Davenport, ungekubali mwaka huo wa uangalizi uwe wa lazima?

Mwanafunzi, Davenport
Ningekubali leo hii, mama, mradi ulipwe. Hospitali za maveterani wa jeshi zimekuwa na nafasi za namna hiyo tangu 2014, ila ni chache na ni za hiari. Lakini mzee bado hajalifuta neno lake, nami namwomba kwa heshima zote alifute kabla hatujaendelea na mengine.

Daktari Mstaafu, Muheza
Mwaka wa wodini nauunga mkono. Neno langu nitalifuta nitakapoona umekuwa wa lazima katika majimbo yote 50.

Muuguzi, Columbus
Hayo ni mambo mawili tofauti, mzee, nawe unajua.