Vifuniko vimechelewa, bosi anataka nidabo oda. Nifanyeje?

mpanga_oda: Habari wakuu. Nasimamia manunuzi kiwandani, tunajaza sabuni ya maji. Jana sapulaya katuma meseji fupi tu, meli haipiti tena Suez inazunguka Rasi ya Tumaini Jema, vifuniko vitachelewa wiki mbili. Chupa ninazo, sabuni ipo kwenye matangi, lebo zimejaa ghalani, ila vifuniko ni vya siku tisa. Bosi anasema nidabo oda yasitukute tena, mi roho inasita ila sijui nimjibuje.

bohari77: Usidabo mkuu. Oda kubwa haiharakishi meli. Halafu kila mnunuzi aliyeshtuka akifanya hivyo, kiwanda cha vifuniko kinadhani soko limekua, nacho kinarundika plastiki, miezi mitatu mbele mizigo yote inaingia kwa mkupuo na hela zenu zimelala kwenye maboksi. Kwanza muulize hizo wiki mbili kasema nani, wakala wa meli au kakadiria yeye?

Mama Ugavi: Hilo swali la mwisho ndo lenyewe. Machi 2000 radi iliwasha moto kwenye kiwanda cha chipu za simu cha Philips kule Albuquerque, Marekani, ukazimwa ndani ya dakika chache, wateja wakaambiwa ucheleweshaji ni kama wiki moja. Nokia, watengeneza simu, hawakuridhika, wakawa wanapiga simu kila siku, walipoona mambo ni mabaya wakasaka chipu kwingine mapema. Ericsson, nao wa simu, walisubiri, wakaja kupata hasara ya kama dola milioni 400. Taarifa ni ileile waliyopewa wote! Kwa hiyo mdogo wangu piga simu leo na kesho tena, na wateja wakubwa waambie sasa hivi kabla rafu zao hazijakauka.

fundi_laini: Kifuniko cha lita moja na cha nusu lita ni kilekile? Kama ndiyo simamisha nusu lita, kifuniko kimoja kitafunga sabuni mara mbili. Na stoki ya akiba msiipigie hesabu kwa wastani wa siku za safari za mzigo, angalieni safari zile zilizochelewa zaidi.

mpanga_oda: Asanteni sana, kumbe kweli kifuniko ni kimoja, tumesimamisha nusu lita tangu jana mchana. Wiki mbili alikadiria mwenyewe, wakala anasema ni tatu. Nimempata sapulaya mwingine wa karibu kaleta sampuli, tukajaza chupa kumi tukazigeuza kichwa chini usiku kucha, asubuhi mbili zimevuja. Tumemrudishia aweke gasketi (ile pete ya ndani ya kifuniko inayozuia kuvuja) nene zaidi, Alhamisi tunajaribu tena. Bosi kakubali oda ibaki ileile.