Tupeane uzoefu: nini kilikufanya uachane na nyanya za grinihausi?

Mkulima wa Mukono
Ndugu wakulima, jambo hili linaniuma. Huku kwetu mabanda mengi ya grinihausi yamebaki miti mitupu, na wenyewe tumenyamaza. Anayetaka kuanza kesho atajua vipi? Naanza mimi.

Banda langu lilikuwa mita 8 kwa 15. Msimu wa kwanza nilivuna hadi nikamaliza deni la mipira ya kumwagilia kwa matone. Msimu wa tatu miche ikaanza kulegea mchana, majani bado kijani. Jioni inainuka, kesho inalala tena, mwisho hainyanyuki. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Kumbe ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaokaa udongoni, na maji yale yale ndiyo yaliyousambaza. Shamba la wazi ningelipumzisha kwa mahindi nikahamia upande mwingine, lakini banda halihami. Hoho na biringanya nazo zinaugua ugonjwa huo huo. Fundi aliyenijengea alizungumzia nailoni tu, udongo hakuutaja.

Mama Hoho, Kasese
Pole sana, ssebo. Mimi nilishindwa na joto. Banda lilikuwa fupi, halina matundu juu, saa saba mchana hukai ndani. Mashina marefu, ya kupendeza, ila maua yanapukutika kabla ya kushika tunda. Nilipofungua pande na kuweka wavu, marejesho ya mkopo yalikuwa yameshanilemea.

Wa Busia
Soko, jamani. Nikifika na boksi zangu, mchuuzi haulizi zimelimwa wapi. Mvua ikinyesha vizuri na nyanya za mabondeni zikijaa, bei ni moja, wakati mimi nina nailoni ya kulipia. Mwaka wa tatu upepo ukaichana. Sikununua nyingine.

Mgeni wa Mbarara
Mzee wa Mukono, ulijuaje ni bakteria?

Mkulima wa Mukono
Kata shina karibu na mzizi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Dakika chache tu, kwangu ulishuka uzi mweupe kama maziwa. Nilikata mashina manne, yote hivyo hivyo. Ndugu unayetaka kujenga, kabla hujamlipa fundi panda nyanya chache pale pale unapotaka kuweka banda, na zikilegea uzikate hivyo. Mimi sasa mle ndani nalima sukuma wiki, nyanya nimeweka kwenye magunia ya udongo niliochota mbali. Yapo 40, na hadi leo yote yamesimama.