Malaria: chandarua ni bidhaa au ni huduma?

MLETA MADA
Wakuu, tangu Marekani ipunguze misaada ya afya mwanzoni mwa 2025, kauli imekuwa moja: sasa sekta binafsi ibebe vita ya malaria. Mimi nakubali nusu tu.

Nani anakumbuka Hati Punguzo hapa Tanzania? Ilianza 2004. Mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, anaongezea fedha kidogo, anaondoka na chandarua. Kwa kufikisha mzigo, mpango ulikuwa mzuri. Duka la kijijini la sabuni na chumvi likawa na vyandarua, na gharama ya usafiri ikawa ya mwenye duka. Ila dada yangu hati yake ilikaa sandukuni mpaka akajifungua. Hiyo "fedha kidogo" hakuwa nayo. Baadaye vikaanza kugawiwa bure, kwanza kwa watoto, kisha kila kaya. Maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalikuwa asilimia 18 mwaka 2008. 2017 yakafika asilimia 7, japo katikati yaliwahi kupanda tena.

MCHANGIAJI 1
Mkuu, hivyo vya bure nani alivitengeneza? A to Z ya Arusha, kampuni binafsi, kwa teknolojia ya Olyset kutoka Sumitomo Chemical ya Japani. Bure ni kwako wewe uliyepokea.

MLETA MADA
Hapo hatubishani. Kiwanda kilizalisha kwa sababu wafadhili walinunua kwa mamilioni. Kingemsubiri dada yangu, kingefunga.

MCHANGIAJI 2
Tazameni Obuasi, Ghana. AngloGold Ashanti, kampuni ya migodi ya dhahabu, ilianza kupulizia dawa ya mbu majumbani 2006, mji mzima na si kwenye nyumba za wafanyakazi wake peke yao. Ndani ya miaka 2 wagonjwa wa malaria katika hospitali ya mgodi walipungua kwa takribani robo tatu. Wakafanya kazi nzuri hadi Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ukawapa fedha wapanue kwenye wilaya nyingine.

MCHANGIAJI 3
Sawa, lakini mgodi ulipiga hesabu ya wachimbaji wanaolala hospitalini badala ya kushuka shimoni. Kijiji cha wakulima wa mihogo nani atakipigia hesabu hiyo?

MCHANGIAJI 4
Mimi nina duka la dawa muhimu, acheni niseme. Saa tatu usiku zahanati imefungwa, mtoto anachemka, mzazi anakuja kwangu. Mkitaka kutufuta, mfungue zahanati usiku. Kinachoniumiza ni hiki: dozi ya mseto (dawa ya malaria) ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, mtu anakuja na hela ya nusu. Nikimkatalia, anavuka barabara kwa jirani yangu, anakatiwa. Yeye anapata nafuu ya siku mbili, mimi nimepoteza mteja.

MLETA MADA
Asante, dada (au kaka, samahani). Ulichosema kimenizidi. Biashara inamlipa anayekata dozi na kumwadhibu anayekataa, sasa hapo soko litajirekebisha vipi bila mkaguzi?

MCHANGIAJI 1
Na Serikali je? Kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu pale Kibaha ni chake, utaalamu umetoka Cuba. Mwaka 2017 Rais Magufuli alilazimika kwenda mwenyewe kuziagiza halmashauri zinunue. Kiwanda cha umma kilikosa mnunuzi wa umma!

MLETA MADA
Umenipata. Basi narekebisha: kutengeneza na kusambaza wafanye kampuni, dawa dukani iwe na ruzuku na ukaguzi wa kweli, ila chandarua cha mjamzito na mtoto kisiuzwe hata kwa shilingi mia. Na fedha yake itoke kwetu, si kwa mfadhili anayeweza kuamka siku moja akafunga mkoba.

Wenye kuona bajeti za halmashauri zenu: kuna kifungu cha viuadudu mwaka huu? Tajeni wilaya na kiasi, tuanzie hapo.