Mwanangu wa miaka 7 ameota matiti, nianzie wapi?

Mama Ujiji
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu yuko la pili, anatimiza miaka 8 Desemba. Juzi namwogesha, kumpitishia dodoki kifuani akaruka: "Mama, hapo panauma!" Kugusa, chini ya chuchu kuna donge kama njegere. Sare niliyomshonea Januari imeshapanda juu ya magoti. Damu hajaona.

Bibi yake anasema ni kuku wa kisasa, na keshamtaja somo wa kumfunda. Kumfunda mtoto ambaye bado anang'oka meno! Zahanati niliyokwenda wakanipa panadol, eti ni ukuaji tu.

Nesi wa Zamu
Pole dada. Matiti kabla ya miaka 8 hayaachwi hivihivi, huenda ni balehe ya mapema, tena akiwa anarefuka kwa kasi hiyo. Chukua rufaa uende hospitali ya Maweni, umwone daktari wa watoto. Atapimwa urefu, homoni kwenye damu, na eksirei ya mkono wa kushoto: mifupa ya kiganja ndiyo inayoonyesha mwili umefika umri gani. Mifupa ikiwahi kufunga, leo anawapita wenzake, kesho anabaki mfupi. Sindano za kusimamisha balehe zipo, ingawa ni ghali. Kwa wasichana mara nyingi chanzo hakionekani, ila lazima waangalie kama kuna uvimbe kichwani au kwenye ovari. Hilo donge usilikande.

Mfugaji Kibirizi
Kuku wetu tena jamani! 😀

Nesi wa Zamu
Kuku hawana kosa, hukua haraka kwa mbegu na chakula, si homoni. Niulize kingine: anapakwa mafuta gani? Zipo krimu zenye homoni.

Mama Gungu
Wangu alianza hivyohivyo akiwa na miaka 7. Nilimweleza damu mapema, nikamwekea pedi na chupi ya akiba kwenye begi. Mwili ulitangulia, akili ilibaki kwenye mdako. Shida ni watu wazima. Jirani mmoja alianza kumwita mchumba, nikamkatia palepale, mbele ya mkewe.

Mama Ujiji
Hapo kwenye krimu umenigusa, nesi. Shangazi yake ana kopo lisilo na lebo, wakikaa wanapakana. Nimelichukua, Jumatatu naenda nalo Maweni. Bibi nimemwambia somo asubiri kwanza.