Nimehama shule nikiingia darasa la 12: naomba ushauri kuhusu kuomba chuo chenye ushindani mkubwa

Binti_Hesabu: Wadau, habari zenu. Ninasoma sekondari hapa Marekani, na nilipomaliza darasa la 11 tulihama kwa sababu mama alihamishiwa kazi jimbo jingine. Ninajiandaa kuomba vyuo vinavyochuja sana, nikitanguliza MIT na Yale. Shule ya zamani ilikuwa ikiongeza pointi kwa masomo ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), hivyo wastani wangu wa alama ulikuwa 4.3, lakini shule mpya haiongezi chochote na imeuandika upya kuwa 3.8. Tena haifundishi fizikia ya AP, ambayo nilikusudia kuisoma mwaka huu. Walimu wanaonifahamu wako nilikotoka, na mshauri wa wanafunzi wa hapa bado hanijui. Je, nani aniandikie barua za mapendekezo, na jambo hili nilieleze wapi bila kuonekana ninalalamika?

Mwalimu_Mlezi: Binti yangu, pole na mahangaiko ya kuhama. Hilo la wastani lisikunyime usingizi, kwa sababu wasomaji wa maombi hawaziweki 4.3 na 3.8 kwenye mizani moja. Pamoja na matokeo yako, mshauri hutuma maelezo ya shule yanayoonyesha namna alama zinavyokokotolewa na masomo yanayofundishwa, na kwa hiyo hakuna atakayekuhesabia kosa kwa kutosoma somo ambalo shule haina. Unalopaswa kulihakikisha ni kwamba matokeo ya shule zote mbili yanafika. Mwombe mshauri aambatanishe pia maelezo ya shule ya zamani, maana hiyo ndiyo iliyokufundisha miaka mitatu.

Kuhusu barua, waombe walimu wa darasa la 11 kule ulikotoka. Hakuna ubaya wowote mwalimu akiwa wa shule nyingine, na aliyekuona ukihangaika na swali gumu hadi ukalipata ataandika mambo ambayo mwalimu aliyekufundisha wiki chache hawezi kuyaandika. MIT hutaka mmoja awe wa hesabu au sayansi na mwingine wa masomo ya lugha, sanaa au jamii.

Kaka_Mkubwa: Mimi ningemshauri insha yake kuu ihusu kuhama huku. Ni jambo zito lililomgusa.

Mwalimu_Mlezi: Hapo ndugu yangu sikubaliani nawe. Fomu ya Common App, yaani fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi na ambayo Yale huipokea, ina mahali pa kutaja shule nyingine ulizosoma na sababu ya kuondoka, na hapo sentensi mbili zinatosha: «Nilihama baada ya mama kuhamishiwa kazi jimbo jingine. Shule yangu mpya haifundishi fizikia ya AP.» Ukishayasema hayo, maneno 650 ya insha yabaki kwa ajili ya kukuonyesha wewe ni nani, isipokuwa kama kuhama kwenyewe kulikubadilisha kwa namna unayoweza kuielezea kwa kina. MIT haitumii Common App. Ina fomu yake yenye maswali mafupi, hivyo usidhani utanakili tu.

Dada_Fizikia: Mdogo wangu, kuhusu fizikia usikimbilie kujisomea na kufanya mtihani wa AP peke yake. Mtihani hufanyika Mei, ilhali majibu ya vyuo hivi hutoka Machi, kwa hiyo alama hiyo haitasaidia maombi yako hata kidogo. Uliza kama chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu kinapokea wanafunzi wa sekondari, kwani ukisoma fizikia muhula huu alama itapatikana mapema na inaweza kutumwa pamoja na matokeo ya nusu mwaka.

Binti_Hesabu: Asanteni sana, nimepata mwanga. Na huyu mshauri asiyenijua nimwendee vipi?

Mwalimu_Mlezi: Omba miadi naye mapema, kabla wanafunzi wengine hawajamjazia kazi, na umpelekee ukurasa mmoja wenye masomo uliyosoma, shughuli ulizoziacha kwa sababu ya kuhama na zile ulizozianza upya. Mwombe kwa heshima awasiliane na mshauri wako wa zamani, kisha katika barua yake aeleze kwamba ulihama kwa sababu za kifamilia na si za nidhamu. Neno hilo lina uzito zaidi likitoka kwake kuliko likitoka kwako.