"Punguza mawazo" ndo dawa niliyopewa. Hivi wazo linaupelekaje moyo mbio?

Mkesha:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kuelewa hiki kitu maana kinaninyima usingizi kweli kweli.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Huu ni mwezi wa nne, nikilala tu, hazipiti dakika kumi moyo unaanza kwenda mbio. Nikilalia ubavu wa kushoto nausikia hadi kwenye mto, du du du, kama mtu anagonga mlango wa chumba cha pili. Nakaa kitandani, nashika mshipa wa mkono, nawasha simu nahesabu mapigo dakika nzima, 104, nahesabu tena 110, nahesabu tena 118. Hapo vidole vinaanza kufa ganzi, midomo inachomachoma, kichwa chepesi, na moyoni najua kabisa leo ndo leo, sitoboi asubuhi. Nusu saa baadae inaisha yenyewe nabaki nimelowa jasho na kesho yake kazini niko hoi.

Hospitali nimeenda mara tatu. Presha wamepima, moyo wamepima kwa ule mtambo wa kubandika nyaya kifuani, wanasema uko sawa. Ile mara ya tatu daktari hakuniangalia hata usoni, anaandika huku anasema "dada hauumwi, una mawazo tu, kapunguze mawazo". Nilitoka pale nalia.

Swali langu la kwanza, wazo halina uzito, halina mikono, linaufanyaje moyo ambao ni nyama? La pili, kama kweli ni mawazo basi nayapunguzaje, maana kila nikijilazimisha kutowaza ndo yanajaa zaidi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Pole sana mdogo wangu. Kwanza hilo neno "hauumwi" liache huko huko. Moyo unaenda 118 umekaa kitandani, vidole vinakufa ganzi, hayo ni mambo ya mwilini na yanapimika, hujajitungia. Walichosema vipimo ni kwamba moyo wenyewe hawajauona na kasoro, ni kitu tofauti.

Sasa wazo linaupataje moyo. Fikiria umekaa sebuleni usiku umetulia, simu inalia, meseji ya bosi: "Kesho asubuhi uje ofisini kwangu tuongee." Basi, maneno sita. Hajakugusa mtu, hakuna aliyepandisha sauti, ila tumbo limeshakaza, mikono imepata ubaridi na moyo umeongeza mwendo kabla hata hujaiweka simu chini. Na angalia, angekuwa amekuita akupongeze na wewe unajua hivyo, maneno yale yale yangekufanya utabasamu. Kwa hiyo sio meseji iliyoukimbiza moyo, ni ulivyoielewa.

Ni hivi, wazo sio upepo, ni kazi inayofanyika ndani ya ubongo na ubongo umefungwa moja kwa moja na moyo, mapafu, utumbo na ngozi kwa mishipa ya fahamu. Ubongo ukiona hatari unatuma taarifa kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo, vinamwaga adrenalini kwenye damu, na hapo ni suala la sekunde tu. Moyo unaongeza kasi, pumzi inapanda, damu inatolewa tumboni inapelekwa kwenye misuli. Kuna Mmarekani anaitwa Walter Cannon aliielezea hii tangu 1915, mwili kujiweka tayari kupigana au kukimbia. Baadae kidogo inafata kortisoli, homoni nyingine ya msongo, ambayo yenyewe inakaa muda mrefu zaidi. Na mwili hausubiri ushahidi, simba wa kweli na simba wa kichwani unawapokea kwa maandalizi yale yale.

Hiyo ganzi ya vidole na midomo ndo nakuomba uielewe vizuri zaidi maana ndo inatisha watu. Ukiogopa unapumua haraka haraka bila kujua, unatoa hewa chafu ya kaboni nyingi kuliko mwili unayotengeneza, ikishuka sana kwenye damu vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Wengi wakifika hapo wanahisi pumzi haitoshi wanavuta zaidi, wanazidi kuharibu. Usiku ikija jaribu kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta, mpaka ufike kama pumzi sita kwa dakika. Mi nimekaa na wagonjwa wa hivyo wengi usiku nawashika mkono tunapumua wote, na ganzi inaondoka mbele ya macho yao.

Kitabu_Wazi:
Nesi kamaliza upande wa mwili. Mi nataka kusema kitu kuhusu hilo neno lenyewe, "mawazo". Kiswahili chetu kimefanya jambo la ajabu hapa, mtu akiwa na huzuni, akiwa na hofu, akikonda, akikosa usingizi, tunasema "ana mawazo". Hatukutenganisha kuwaza na kuumia rohoni. Mi naona walioliweka hilo neno waliona mbali sana. Ila tatizo linakuja kwenye ushauri, maana kama ugonjwa ni mawazo basi kila mtu anakwambia "acha mawazo", kama vile ni begi unaweza kuliweka chini.

Haiachiki hivyo, na hili limepimwa. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wakae dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, wakimuwaza wagonge kengele. Kengele ziliendelea kulia. Na baadae waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Sababu yake ndo inayokukuta wewe kitandani, ili ujue kama umeacha kuwaza inabidi ukague, na ukikagua tayari umeshawaza. Kwa hiyo dada swali lako la pili jibu lake ni kwamba hukushindwa wewe, ulipewa kazi ambayo haifanyiki.

Kinachowezekana ni kulishika wazo moja ukaliuliza maswali. Daktari Aaron Beck miaka ya 1960 aligundua wagonjwa wake wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) wana mawazo mafupi yanayopita haraka kama kivuli, "mimi bure kabisa", "haitawezekana", na wanayaamini bila kuyakagua kwa sababu yanapita kasi. Tiba yake yote ilianzia hapo, kulikamata wazo, kuliandika, kuuliza ushahidi uko wapi. Na kuhusu hiyo hali yako kabisa kabisa kuna Muingereza David Clark aliandika mwaka 1986 kwamba shambulio la hofu linazaliwa pale mtu anapohisi kitu cha kawaida mwilini akakisoma kama msiba. Moyo umeruka kidogo, wewe umesoma "nakufa", kusoma hivyo kumeleta adrenalini, adrenalini imeongeza mapigo, mapigo yamethibitisha kwamba unakufa. Angalia ulivyoandika mwenyewe, 104, 110, 118. Uliona namba zinapanda kila ukihesabu?

Msomaji_Kimya:
Samahanini wakuu naomba nipinge kidogo, na sipingi kwa ubaya. Hii ya kusema "ni mawazo" imeumiza watu wengi. Miaka na miaka vidonda vya tumbo vilisemwa ni mawazo, watu wakaambiwa wapumzike, watulie, wapunguze hasira. Wakatokea Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonesha kuna bakteria anaishi tumboni na ndo chanzo cha vingi kati ya hivyo vidonda. Walibishiwa mpaka Marshall 1984 akamnywa yule bakteria mwenyewe akaumwa tumbo ili waamini. 2005 wakapewa Nobel. Leo vinatibiwa kwa antibaiotiki. Sasa jiulize wangapi waliambiwa kapunguze mawazo huku bakteria anawatafuna.

Mama yangu mzazi aliambiwa ana mawazo miaka miwili. Ilikuwa tezi ya shingoni, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi, moyo mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, hasira za karibu. Sote nyumbani tulikuwa tunamwambia "mama acha kuwaza". Mpaka leo nikikumbuka sauti yangu nikimwambia hivyo naumia.

Dada Mkesha presha na moyo wamepima sawa. Je damu? Thairoidi? Upungufu wa damu peke yake unaweza kuukimbiza moyo. Usikubali jibu la mawazo kabla hawajamaliza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Msomaji uko sahihi na ningepaswa kuanza na hilo, nakiri. Dada rudi ukaombe wingi wa damu na thairoidi, na kama kuna vinywaji vyenye kafeini unakunywa jioni mwambie daktari. Na siku moyo ukienda mbio ukazimia, au kifua kikabana ukiwa unatembea, hiyo usisubiri ushauri wa huku mtandaoni, nenda usiku huo huo.

Ila nisingependa tuvuke upande wa pili tukasema akili haihusiki. Mwaka 1995 watafiti Marekani walichukua kina mama 13 wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na wengine 13 wasiouguza, wakawatoboa kidonda kidogo mkononi, milimita 3.5 tu. Kwa wale wenye msongo wa kuuguza, kidonda kilichukua siku kama 9 zaidi kufunga. Ngozi hiyo, sio hisia. Nauguza watu kila siku na hilo halijawahi kunitoka kichwani.

Nimetoka_Huko:
Nimesoma yote, naongezea kitu kimoja ambacho sijaona mtu kakigusa, tabia. Mi niliishi na hii kitu miaka mitatu na nakwambia ukweli dada, wazo lenyewe halikuniharibu kama yale niliyoanza kuyafanya kwa sababu ya wazo. Nilivyodhani moyo ni mbovu niliacha ngazi, nikawa nasubiri lifti hata kwa ghorofa moja. Nikaacha mpira. Nikaacha kukaa katikati ya watu, nakaa karibu na mlango ili nikizidiwa nitoke. Nikawa sisafiri bila mtu. Kila kimoja ukikiangalia peke yake ni tahadhari tu, na kila nikikwepa napata ahueni, ahueni hiyo ndo inanifundisha kwamba kweli nilikuwa hatarini.

Sasa mwaka mzima bila mazoezi mwili unafanyaje? Unalegea. Ngazi kumi tu moyo juu. Yaani wazo la uongo kwamba moyo wangu ni dhaifu lilinifanya niishi hivyo mpaka likakaribia kuwa kweli. Hapo ndo nilielewa kwamba haya mambo sio mstari ni duara, wazo, hofu, tabia, mwili, halafu mwili unarudi kulisha wazo.

Nilichoshukuru ni mshauri niliyempata hakuanza na mawazo, alianza na ngazi. Baada ya daktari kuniruhusu aliniambia panda ghorofa mbili, uache moyo uende, usiushike mkono, usikae chini haraka, simama tu uone utafanya nini. Nilitetemeka nikilia kwenye ngazi mtu mzima. Moyo ukapanda, ukashuka. Nikarudia kesho. Kubishana na wazo kichwani nilishindwa miaka yote, lakini lilivyoona miguu inapanda ngazi kila siku na mtu hafi, lilipungua sauti lenyewe. Halikuondoka, likija nalisikia, nafunga kamba za viatu naenda.

Na dada, hiyo ya kuhesabu mapigo usiku, hiyo nayo ni tabia. Anzia hapo kwanza.

Mkesha:
Jamani sijui nisemeje, asanteni. Nimesoma haya mara tatu. Hilo la namba kupanda kila nikihesabu limenishtua, sikuwahi kuliona. Na lifti, kumbe na mimi nimeacha ngazi, sikumbuki hata niliacha lini. Kesho naenda kuomba vipimo, nitarudi.

Mkesha:
Nimerudi, ni wiki ya tatu tangu niandike. Safari hii nilikuta daktari mwingine, alinisikiliza. Thairoidi iko sawa. Damu iko chini, sio sana, ila iko chini, nimeandikiwa vidonge vya madini ya chuma na akaniambia hiyo peke yake ingeweza kuusukuma moyo kidogo, na mimi nikamalizia kwa hofu. Kwa hiyo Msomaji ulikuwa sahihi na wengine pia mlikuwa sahihi. Nilimuuliza kuhusu ngazi akasema taratibu, ruksa.

Kuhesabu mapigo usiku nimeacha siku ya 12 leo. Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko yote, mkono ulikuwa unaenda wenyewe kwenye simu, nikaishia kuikalia. Nikatoa pumzi kama Nesi alivyosema. Ganzi ilifika mpaka vidoleni ikaishia hapo, haikufika midomoni. Bado naamka mara moja mbili kwa wiki.

Jana nimepanda ghorofa mbili kazini. Juu nilisimama dirishani moyo unadunda mpaka masikioni, mwenzangu akapita na mafaili akanisalimia nikamjibu vizuri tu. Alivyofika mwisho wa korido ulikuwa umeshatulia.

Msomaji_Kimya:
Nimefurahi sana dada. Vidonge vya chuma usiache katikati ukijisikia nafuu, na omba tarehe ya kurudia kipimo. Mama yangu nimemsomea huu uzi wako wote, anakusalimia.