Boksi la kompyuta la mbao: mninga, paini au MDF?

RandaNaBisibisi (Tabata, Dar)

Wakuu, habari za Jumapili. Nyumbani nina mambo mawili yanayonikalisha macho: mbao kwenye baraza ya nyuma, na kompyuta kwenye chumba kidogo kinachopakana nayo. Nina desktop ya ofisi ya mtumba, ile nyembamba, imekuwa ghala la picha za familia, katuni za watoto na nakala za kazi za mama watoto. Bati lake limeanza kutu. Nataka kuichongea boksi la mbao ikae sebuleni chini ya TV, iwashwe usiku na mchana.

Nina vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda. Paini ya Sao Hill ipo dukani hapa karibu, MDF (ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 pia ipo. Nitumie ipi? Na je, nibaki na desktop au nihamie Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja? Waliowahi kufanya naomba mnieleze.

BintiSeremala (Tanga)

Kaka, mninga, bila kusita. Sisemi hivyo kwa sababu ya rangi. Mninga ukishakauka hautembei sana. Mbao zote hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno hata huoni, ila mninga hubadilika kidogo kuliko nyingi tulizo nazo. Kwa unyevu wa pwani hilo ndilo linaloamua kama mfuniko utafunguka mwezi wa nne au utang'ang'ania.

Mfuniko ukiwa wa mbao halisi usiupige gundi pande zote. Skrubu za nyuma zifunge imara. Za mbele toboa matundu marefu, si ya duara, ubao upate pa kwenda. Kuta za boksi ziache nyuzi zizunguke upande mmoja, kushoto, juu, kulia, chini, zitatanuka pamoja.

Paini nayo si mbaya, lakini hakikisha si ile ya dawa. Ile yenye ukijani imetiwa shaba, na mara nyingi krome na aseniki. Ni mbao ya kenchi. Usiipige msasa karibu na watoto na usiiingize sebuleni.

Keko_Mwisho (Dar)

Mimi niko upande wa MDF. Inakatwa mraba, haipindi, unapaka rangi unamaliza. Mninga ubaki kwa milango.

BintiSeremala (Tanga)

Mkuu, MDF haipindi mpaka maji yaifikie. Sebule inapigwa deki kila siku. Ukingo uliokatwa ukinywa maji unavimba na haurudi tena, na skrubu ya ukingoni inapasua. Kama ni lazima ubao wa kiwandani, achukue plaiwudi.

WayaMwekundu (Morogoro)

Mnabishana mbao, mimi naona mambo mawili yamesahaulika, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza ni joto. Bati la kompyuta husaidia kutoa joto nje. Ubao hauwezi: chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Kwa hiyo ndani ya boksi la mninga joto lina njia moja tu, nayo ni hewa. Hewa baridi iingie chini kwa mbele, ya moto itoke juu kwa nyuma, na feni ya kutoa iwe kubwa, ya milimita 120, izunguke polepole. Miguu ya boksi iwe na urefu wa kupitisha vidole. Na chini ya TV usiache mgongo wa boksi ugusane na ukuta.

La pili ni ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na hapa naomba usikilize vizuri. Bati la desktop limeunganishwa na waya wa ethi kupitia pawa saplai. Waya wa moto ukigusa bati, umeme unakwenda ardhini na fyuzi inakatika. Ukitupa bati lote ukabaki na mbao, kinga hiyo imeondoka. Kwa hiyo usilitupe lote: kata ile sahani ya chuma inayobeba madabodi, iache na pawa saplai yake ikiwa nzima ndani ya kasha lake, kisha vyote viwili vifunge kwa skrubu ndani ya mninga. Pawa saplai usiifungue kabisa, kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Na pima kama soketi ya sebuleni ina ethi kweli. Nyumba nyingi soketi ina matundu matatu na nyuma hakuna kitu.

RandaNaBisibisi (Tabata, Dar)

WayaMwekundu, ubarikiwe sana. Hilo la ethi peke yake limebadilisha mchoro wangu wote. Je, vumbi?

MsasaLaini (Mombasa)

Vumbi nalijua vizuri, natengeneza kompyuta za watu na nyumbani nina karakana. Ukiifungua mashine iliyokaa jirani na msasa, unakuta katikati ya mapezi ya kipoza prosesa kuna tabaka la kahawia lililoshikana na unyevu. Ukilivuta kwa koleo linatoka kipande kizima kama kitambaa. Feni inazunguka kwa nguvu zote na hakuna hewa inayopita. Blowa haitoshi hapo, unaibandua feni.

Na tusiyafikirie mapezi tu, kuna mapafu yetu. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mninga na mvule huwasha pua na ngozi za wengi. Barakoa nzuri kila unapopiga msasa, na mlango wa kile chumba kidogo ufungwe.

Kuhusu Pi: mimi nilihama na sirudi. Desktop yako ikitulia inakula pengine wati 25. Kwa mwezi hiyo ni uniti 18. Pi yenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani), wati 5 hivi, haifiki uniti 4.

Keko_Mwisho (Dar)

Hapo ongeza jambo la LUKU. Kama yuko tarifu ya D1, ile ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, kikomo ni uniti 75 kwa mwezi. Uniti 18 zinaweza kumvusha, na akihamishwa bei ya uniti ni karibu mara tatu.

WayaMwekundu (Morogoro)

Nakubali, ila Pi nayo ina masharti. Umeme ukikatika ghafla kadi ya SD ndiyo inayoumia, kwa hiyo awashie kwenye SSD. Pi 4 na Pi 5 zinaweza. Pi 5 inataka chaja yake ya volti 5 ampea 5. Ukiipa ya ampea 3 inabana umeme wa USB, diski inayobebwa na USB inaweza kukosa nguvu. Faida yake kwako: boksi la mbao halizuii Wi-Fi kama bati, na hoja ya ethi inapungua kwa sababu ndani kuna volti 5 tu, chaja iko nje.

Kompyuta kwenye mbao si jambo geni. Apple ya kwanza kabisa, mwaka 1976, iliuzwa kama bodi tupu, na wanunuzi kadhaa waliichongea kasha la mbao wenyewe.

RandaNaBisibisi (Tabata, Dar)

Basi nimeamua. Mninga, na ndani yake Pi 5 na SSD. Desktop inabaki chumbani kwa kujifunzia Linux, itawashwa ninapoitumia tu. BintiSeremala, kwa boksi dogo hivyo mbao niirande mpaka unene gani? Na vanishi?

BintiSeremala (Tanga)

Milimita 12 inatosha, chini ya hapo skrubu hazina pa kushika. Ndani usipake kitu. Nje piga sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao), msasa laini, kisha vanishi mikono miwili. Usiingize mashine mpaka harufu iishe yote, hata ikichukua wiki mbili. Na matundu ya hewa ya chini yatoboe kabla hujaunganisha, ukishapiga gundi keekee haiingii.

MsasaLaini (Mombasa)

Ndani ya hayo matundu bandika kitambaa chepesi cha chandarua, kitoke kirahisi ukakioshe.